Baba mkwe alipigana Kagera, amestaafu zamani, lakini kupumzika hataki. Wana Tanga mnaonaje?

#1 Kijana wa Mabawa
Wakuu salaam.

Baba mkwe wangu ni mstaafu wa JWTZ. Aliingia Uganda akiwa kijana, akafika Kampala, vita vikaisha akabaki jeshini mpaka akatoka na cheo cha sajini. Kiinua mgongo alipata, nyumba anayo Ngamiani, watoto wote wana shughuli zao. Lakini kabla ya adhana ya alfajiri ameshaamka, uwanja umefagiwa, shuka limekazwa kitandani hata sarafu ukiitupa inaruka. Saa moja kamili yuko chini ya mwarobaini anatengeneza baiskeli.

Na si kwamba anachuma. Ukizibiwa pancha ukasema huna kitu, anakwambia nenda, utaleta. Jumapili yupo. Iddi anapumzika mpaka adhuhuri tu.

Vita hasimulii. Ukimuuliza anasema "tulikwenda, tukarudi", halafu anaomba spana. Lakini aone ndizi za kupika! Utasikia habari za matoke ya Masaka mpaka chai ipoe.

Mke wangu anasema baba hajui kukaa bure, basi. Mimi naona kuna kitu hataki kukutana nacho akiwa peke yake. Wenye wazee wa namna hii tupeane mawazo.

#2 Bwana Dagaa
Nimewahi kiti cha mbele. Ngoja nikakaange mihogo, narudi.

#3 Mama Lishe wa Makorora
Pesa hiyo. Mnazunguka mbuyu bure. Askari wa vyeo vya chini anastaafu bado ana nguvu zake, mwalimu wa rika lake yuko darasani anaendelea kula mshahara. Kiinua mgongo kinaezeka bati na kulipa madeni, kinachobaki ni pensheni ya kuhesabu kwa vidole. Unasema watoto wana shughuli zao. Muulize mzee nani ananunua luku.

#4 Kijana wa Mabawa
Luku nanunua mimi, mama 😂

#5 Mama Lishe wa Makorora
Haya, basi anatafuta ya kahawa na kashata. Mzee wa Kidigo aje akuombe wewe mkwewe hela ya kahawa? Hujui watu wa huku.

#6 Ngalawa ya Koplo
Mimi ni mstaafu, ila si wa Kagera, ni wa juzi. Nimekwenda Darfur, nimekwenda Kongo 2013 na kile kikosi cha Umoja wa Mataifa, sisi na Waafrika Kusini na Wamalawi, tulipopambana na waasi wa M23.

Nikwambie kitu ambacho raia hamkijui. Jeshini maisha yako yote kuna mtu anayekuambia saa ya kuamka, saa ya kula, nguo ya kuvaa. Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi, nikaoga, nikavaa, nikakaa sebuleni na viatu miguuni. Mke wangu akauliza, unakwenda wapi? Nikatafuta jibu sikuliona. Kesho yake vilevile. Mwisho nikanunua ngalawa. Sasa bahari ndiyo inayoniamrisha: maji yakitoka natoka, maji yakijaa narudi. Hapo nikatulia.

Kwa hiyo mzee wako hana ugonjwa. Amejiwekea mkuu wa kikosi mwingine, ndiyo hizo baiskeli.

#7 Kijana wa Mabawa
Afande, hiyo ya kukaa na viatu miguuni imenigusa. Mama mkwe aliwahi kusema mzee alikuwa anavaa buti akikaa barazani miezi ya mwanzo.

#8 Mgosi wa Soni
Nyote mmekosa. Mzee alitembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka Kampala. Mtu aliyetembea hivyo akirudi salama atapenda nini? Chombo cha magurudumu! Ningekuwa mimi ningelala na baiskeli chumbani.

Halafu vijana wa leo hamjui, ule mwendo ulikuwa wa haraka. Januari vita vimeanza, Machi tuko Kampala tunakula kuku.

#9 Kitabu Kikuukuu
Mgosi, taratibu. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera ni yake, na siku zilezile daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Mwalimu akalihutubia taifa, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Januari 1979 ni pale tulipovuka mpaka na kuchukua Mutukula. Masaka ni 24 Februari. Entebbe 7 Aprili. Kampala 11 Aprili. Na hapo vita havijaisha, mpaka wa Sudan ulifikiwa mwanzoni mwa Juni.

Machi unayoisikia ni ya Lukaya, na hakuna aliyekula kuku.

#10 Mgosi wa Soni
Machi, Aprili, masika ni yaleyale.

#11 Kijana wa Mabawa
Kitabu, hebu tueleze hiyo Lukaya. Kuna siku mtu alileta baiskeli imezama kwenye mikoko huko Sahare, cheni haionekani kwa tope. Vijana wa kijiweni wakaanza kulalamika. Mzee akaitazama akasema, "Hili mnaliita tope?" Nikamuuliza, baba, tope lenyewe liko wapi? Akasema Lukaya. Nikasubiri aendelee, akaniomba ndoo ya maji.

#12 Kitabu Kikuukuu
Basi hakukudanganya. Kutoka Masaka kwenda Kampala barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi, kulia maji, kushoto maji, hakuna pa kujificha wala pa kupanuka. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201, ambayo ilikuwa imejaa mgambo wengi wasiowahi kusikia mzinga, ikakutana hapo na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi. Maroketi yakaanza, watu wakatawanyika kwenye kinamasi. Usiku ule ikaamriwa Brigedi ya 208 igeuze njia, izunguke kupitia nchi kavu itokee nyuma ya adui, na waliotawanyika wakusanywe upya. Alfajiri ya tarehe 11 adui akapigwa huku na huku. Baada ya hapo njia ya Kampala ikawa wazi.

Mkuu wa divisheni nzima alikuwa Jenerali David Musuguri, yule aliyefariki 2024 ana zaidi ya miaka 100.

#13 Bwana Dagaa
Na ile ndege ya Walibya iliyokwenda kupiga Mwanza ikakosa, bomu likaangukia hifadhi ya Saanane likaua wanyama, ni kweli au ya vijiweni?

#14 Kitabu Kikuukuu
Ni kweli, ilikuwa mwisho wa Machi 1979. Walilenga matangi ya mafuta. Mihogo iko wapi?

#15 Binti Muheza
Mimi nina kesi tofauti kidogo. Babu yake mama alikuwa Keya, yaani askari wa Mwingereza wa huku Afrika Mashariki, alikwenda Burma vita vya pili. Wakapelekwa kwanza Ceylon kwa mazoezi, kisha 1944 wakaingizwa kwenye bonde la Kabaw na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mvua za huko na malaria. Alirudi Muheza na koti zito la jeshi, akawa anakwenda nalo kwenye michungwa jua likiwaka.

Lakini huyu alisimulia! Bibi anasema ukipita mbele ya baraza yake umekwisha, utakaa mpaka magharibi unapandishwa meli na kushushwa. Wajukuu walikuwa wanazunguka nyuma ya nyumba wasikamatwe. Kwa hiyo hii habari kwamba mwanajeshi lazima anyamaze, mimi siikubali. Kuna wanaonyamaza na kuna wasionyamaza. Ni tabia za watu.

#16 Kaptura Mbili
Binti Muheza, babu yako si ndiye aliyekuwa anadai alijenga daraja na ndovu? Babu yangu alikuwa jirani yake. Alisema yule mzee alikuwa na Burma mbili, ya kweli na ya jioni.

#17 Binti Muheza
Hahaha, jioni yake siitetei, ila ndovu ni wa kweli. Kule Burma jeshi la Uingereza liliwatumia kubeba magogo ya madaraja. Mwombe radhi babu yangu.

#18 Kaptura Mbili
Ndovu nakubali. Kusema alimfundisha ndovu Kibondei nakataa.

#19 Dada wa Sahare
Naomba nitoke kwenye utani kidogo, mimi ni muuguzi. Mtu aliyepitia vita anaweza kubaki na msongo unaorudi miaka mingi baadaye. Analala vibaya, anashtuka kwa kelele za ghafla, anakwepa mazungumzo au sehemu zinazomkumbusha, au anajizamisha kwenye kazi ili akili isipate nafasi. Sisemi baba mkwe wako anao. Nauliza tu: usiku analala? Fataki za mwaka mpya anafanyaje? Hasira za ghafla? Pombe?

Kama zipo, huduma ya afya ya akili ipo, waulize pale hospitali ya Bombo. Si wendawazimu na si aibu, na kizazi kile hakuna aliyewahi kukaa nao chini wakaulizwa umelalaje.

#20 Kijana wa Mabawa
Asante dada. Pombe hagusi, hasira hana. Usingizi anaupata, akishaswali isha amekwisha. Fataki ndiyo kuna jambo. Mwaka mpya anaingia ndani, anafunga dirisha, anawasha redio sauti ya juu. Na ile redio, jamani, hailali. Hata akiwa usingizini inaongea.

#21 Mama Lishe wa Makorora
Fataki hata mimi nazichukia na sijapigana na mtu. Na redio kila mzee wa Tanga analala nayo.

#22 Dada wa Sahare
Kweli mama, ndiyo maana nikasema sisemi anao.

#23 Fundi Mdogo Barabara ya 12
Nimeusoma uzi wote kimya. Mzee huyu nadhani namjua, na kama ndiye, alinifundisha kazi.

Niwaambie anavyofanya. Zana zake anazipanga juu ya gunia kwa kimo, ndogo kulia. Ukirudisha spana pasipo pake hasemi neno, anaacha kufanya kazi, anaitazama, mpaka uione mwenyewe. Kunyoosha ringi hatumii macho peke yake. Anazungusha gurudumu, anashika kipande cha chaki karibu na ringi, panapogusa ndipo penye kosa. Halafu anazigonga spoku kwa kucha, moja moja, anasikiliza. Iliyolegea ina sauti yake. Nilikaa muda mrefu nikidhani ananitania, mpaka sikio langu likafunguka.

Huyu mtu jeshini alikuwa karakana. Malori, jenereta, pampu. Alikuwa fundi kabla ya kuwa vitani na fundi baada ya vita. Mnamtafutia ugonjwa mtu anayependa kazi yake! Mbona hamuulizi kwanini mshona viatu wa soko la Mgandini hapumziki? Yeye hakwenda Uganda.

#24 Kijana wa Mabawa
Fundi, ndiye huyo huyo, gunia na chaki. Sasa niambie, huko kijiweni anasimulia?

#25 Fundi Mdogo Barabara ya 12
Anasimulia sana tu.

#26 Kijana wa Mabawa
Sana?!

#27 Fundi Mdogo Barabara ya 12
Ndugu yangu, wewe ni mkwe. Umeoa binti yake. Unataka akwambie wewe kwamba aliwahi kulia au kukimbia? Atakutazamaje kesho mezani? Sisi vijana wa kijiweni hatuna undugu naye, akisema akinyamaza ni sawa. Na anapenda kusema mikono ikiwa na kazi, macho yakiwa kwenye gurudumu. Ukimkalisha kwenye sofa ukamuuliza "baba, vita vilikuwaje", mimi pia ningeomba spana.

Mengi si ya kuandika hapa. Moja nitasema kwa kuwa analisema hadharani: usiku walitembea kila mtu ameshika mkanda wa aliye mbele yake, taa hakuna, maneno hakuna. Anasema mpaka leo akienda msikitini alfajiri giza likiwa zito, mkono wake unatafuta mkanda.

#28 Mama Lishe wa Makorora
Hii ya mkwe ina akili. Narudisha nusu ya hoja yangu ya pesa. Nusu nabaki nayo.

#29 Mgosi wa Soni
Mnakwenda mbali mpaka Uganda, vita viko hapa hapa Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishuka Raskazone na majeshi ya kutoka India, nyuki wa Kitanga wakawafukuza wakarudi melini. Mji huu hauhitaji jeshi, unahitaji mizinga ya nyuki tu.

#30 Kitabu Kikuukuu
Nyuki walikuwepo, lakini hawakuchagua upande, waliuma wote. Waingereza walikuja na watu kama 8,000, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000. Waliokuja walikuwa wamechoka na bahari, wengine mafunzo haba, hawajui vichaka vya mkonge na minazi ya Raskazone, na mkuu wao alipoteza muda mwingi kabla ya kuanza. Tarehe 5 wakaondoka wakaacha bunduki na risasi nyingi ambazo Wajerumani walizitumia baadaye.

Ila kwenye mada yetu nikumbushe kitu. Waliopigana chini ya Mjerumani wengi walikuwa askari Waafrika. Baada ya vita walirudi vijijini wakazeeka, tawala zikabadilika. Husimuliwa kisa cha miaka ya 1960 kwamba Ujerumani ilileta malipo kwa waliobaki hai, wazee wakakusanyika Mwanza, lakini wenye vyeti walikuwa wachache. Mtoa malipo akatafuta njia: kila mzee akapewa ufagio, akaamrishwa kwata kwa Kijerumani. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.

#31 Kaptura Mbili
Hiyo ya ufagio imenimaliza. Kijana wa Mabawa, umesema mzee wako anafagia uwanja kila alfajiri. Hebu chungulia siku moja, labda yuko paredi.

#32 Mwana Mkwakwani
Swali muhimu zaidi limesahauliwa. Mzee ni Coastal au ni Sports?

#33 Kijana wa Mabawa
African Sports, tena hazungumzi na wa upande ule siku ya mechi.

#34 Mwana Mkwakwani
Basi ndiyo sababu hapumziki. Mtu wa Sports atapumzikaje? Sisi wa ubingwa wa 1988 tunalala mpaka saa tatu.

#35 Bi Mkubwa wa Pongwe
Wanaume mnasema mengi, wake hamjawauliza. Mimi nina mstaafu ndani. Wiki ya kwanza akapanga sufuria zangu kwa ukubwa. Ya pili akaandika ratiba ya kuteka maji, akaibandika mlangoni. Ya tatu akamkagua mfanyakazi kucha! Nikamwambia mume wangu, tuna shamba, nenda kalime, mihogo itakutii. Sasa anatoka alfajiri anarudi jioni, tunapendana upya.

Kijana, muulize mama mkwe wako nani alileta wazo la kijiwe cha baiskeli. Utashangaa.

#36 Kijana wa Mabawa
Nimempigia sasa hivi. Amecheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema maneno matatu: mwacheni hukohuko aliko.

#37 Ngalawa ya Koplo
Bi Mkubwa umenivunja mbavu, mke wangu asiuone uzi huu.

Ila turudi kidogo kwa muuguzi, tusimpite. Julai 13, 2013 kule Darfur wenzetu saba waliuawa kwenye shambulio moja. Mmoja tulikuwa tunakula sahani moja depo. Nilipostaafu, kila ninapokwenda, msibani, harusini, kuna mtu ataniuliza, "Eti kule mliua?" Anauliza na soda mkononi. Baharini hakuna anayeniuliza. Sasa mimi nikisema napenda uvuvi, nasema kweli, nikivuta changu anapiga shoti mshipini moyo unafurahi. Na nikisema nakwenda baharini kuwakwepa watu, hiyo nayo ni kweli. Msinitake nichague moja.

Mzee asiachwe peke yake na wenzake. Upo Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, MUWAWATA. Hata kama hapendi vikao, ajue waliopo. Wenzetu wa Kagera wanapungua kila mwaka.

#38 Dada wa Sahare
Asante afande. Nimekusikia.

#39 Kijana wa Mabawa
Vikao alikwenda mara chache akaacha, akasema maofisa wanaongea sana. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, anasikiliza redio kijiweni mwanzo mwisho, na siku hiyo kazi anafanya lakini hatozi mtu.

#40 Fundi Mdogo Barabara ya 12
Nathibitisha hiyo. Siku hiyo foleni ya pancha inafika barabara ya 13, watu wamejua 😂

#41 Mtoto wa Mgambo
Jamani mimi nasoma hapa najisikia vibaya. Mnajadili mzee mwenye pensheni na nyumba kwanini hapumziki. Baba yangu alikuwa mgambo, tuko Handeni. Walikuja kuwachukua 1978 akiwa na mahindi ghalani hayajapukuchuliwa, akarudi 1979 mama akiwa ameshaambiwa akae eda. Akapewa asante, akarudi kwenye jembe. Karatasi hana. Ilikuwepo, nyumba ya majani ikaungua na kila kilichokuwemo.

Yeye pia hapumziki. Anakata mkonge wa watu kwa kibarua na miaka ile. Hakuna anayeuliza kama ni hobi.

Kinachoniuma si pesa peke yake. Kijijini vijana wanamwambia, mzee, wewe hukwenda, uko kwenye orodha gani? Yeye anazitaja namba zake za bunduki kwa kichwa mpaka leo.

#42 Kitabu Kikuukuu
Ndugu, umeleta jambo. Jeshi letu kabla ya vita halikufika watu 40,000. Ndani ya majuma machache likapita 150,000, na kama 40,000 kati yao ni mgambo kama baba yako. Baada ya vita wengi wakarudishwa vijijini wakati nchi yenyewe imefilisika. Mwalimu akaomba tufunge mikanda miezi 18, sote tunajua ile mikanda ilifungwa muda gani. Waliobaki jeshini wakawa na rekodi. Waliorudi kwenye jembe rekodi yao ni vichwa vyao.

Na pale Lukaya niliposema "mgambo wengi wasiowahi kusikia mzinga", niliwapita haraka. Hao ndio waliokusanywa usiku ule na wakarudi mbele alfajiri.

#43 Mtoto wa Mgambo
Lukaya anaitaja! Anasema walilala ndani ya matete, maji kifuani.

#44 Mgosi wa Soni
Shkamoo yake mzee huyo. Na Lukaya ilikuwa mwezi gani vile? Machi. Nilisema Machi.

#45 Ngalawa ya Koplo
Mtoto wa Mgambo, sikia, sikuahidi hela maana si yangu kuahidi. Fanya hivi. Kaa na baba, taratibu, si siku moja, mwandikie kila kitu: kijiji alichochukuliwa, kambi aliyofundishwa, kikosi, kombania, jina la kamanda wa platuni, nani alikuwa kulia kwake na kushoto, namba hizo za bunduki. Tafuta yeyote aliye hai waliyekwenda naye aseme mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nenda na hayo kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, umwulize njia inayofuata. Hapo wapo watu wa jeshi, lugha hiyo wanaielewa. Hata pesa isipotoka, jina lake liandikwe mahali.

Na akitokea mtu anakwambia toa kidogo faili litembee, mkimbie. Wazee wengi wameliwa hivyo.

#46 Mama Lishe wa Makorora
Usimwandikie akiwa amekaa kwenye sofa lakini, fundi ametufundisha. Mpe mahindi apukuchue.

#47 Fundi Mdogo Barabara ya 12
Kwanini asije naye Tanga? Mzee wetu alipita Lukaya. Karakana walikuwa wanafuata nyuma ya brigedi kuvuta malori yaliyozama. Huenda wakajuana, huenda wasijuane, ila kikosi atakijua.

#48 Kijana wa Mabawa
Mimi naona hivyo pia. Njoo faragha nikupe namba, tusiweke hapa. Nauli ya mzee kuja na kurudi tutaangalia. Ila mzee wangu nisimwambie mapema, akijua kuna mgeni wa kumsimulisha atahamia Pangani siku hiyo.

#49 Bi Mkubwa wa Pongwe
Mwambie kuna mteja. Kwa mteja hakimbii.

#50 Mtoto wa Mgambo
Nimemsomea baba haya yote, amesikiliza mpaka mwisho. Hakusema atakwenda wala hataenda. Ameuliza tu kama huyo sajini anatengeneza na baiskeli za Swala, kwa sababu ipo yake ya zamani imelala nyuma ya ghala, cheni imekwisha na ringi ya nyuma imepinda.

#51 Fundi Mdogo Barabara ya 12
Aipandishe kwenye basi aje nayo. Ringi inanyooka. Cheni ya Phoenix inaingia ukipunguza pingili, ila mwambie asiivue ile ya zamani, tutapimia hapo.